Upande wa Kivuli: Siku Nane za Polepole Kati ya Matsue na Yunotsu

Mabibi na mabwana, ndugu wasafiri,

Nimeombwa nizungumze juu ya safari ya Japani kwa mtu asiye na haraka. Basi naomba tuiache Tokyo, tuiache na Kyoto, tuvuke milima ya Chugoku tushukie pwani inayotazama Bahari ya Japani. Wenyeji wanaiita San'in, maana yake upande wa mlima ulio kivulini. Upande wa pili, ule wa jua, ndiko iliko Hiroshima, na treni za mwendo kasi hupita huko. Huku hazifiki. Mikoa miwili ya San'in, Shimane na Tottori, ndiyo yenye watu wachache kuliko yote Japani. Ukiijumlisha yote miwili haifikishi watu milioni moja na robo.

Ninalotaka mlichukue leo ni hili: huku kila kitu kina saa yake, na saa hiyo si yako. Kuna jengo linalofungwa kwa kufuata machweo, sherehe zinazofuata mwezi mwandamo, ngoma inayosubiri Jumamosi, na basi ambalo likikuacha umepoteza saa nzima au zaidi. Mtu anayekuja na orodha ya mambo kumi kwa siku huishia kukaa kwenye kituo cha basi. Anayekuja na mambo mawili kwa siku huyaona yote mawili, na la tatu humjia lenyewe.

Kwa hiyo safari hii huanza kuhesabiwa kutoka mwisho. Ngoma ya kagura, yaani ngoma takatifu ya vinyago, huchezwa Jumamosi usiku huko Yunotsu, bandari ndogo tunakoishia. Hiyo ndiyo nguzo. Ili Jumamosi ikukute Yunotsu, uwe umeingia Ijumaa, maana nyumba za wageni ni chache na usiku wa Jumamosi hujaa mapema. Jumatano na Alhamisi ulale Izumo. Jumapili, Jumatatu na Jumanne ulale Matsue. Ukirudi nyuma hivyo unakuta kwamba Tokyo unaiacha Jumamosi iliyotangulia, usiku. Wengi hufanya kinyume: hununua tiketi kwanza, halafu hugundua kwamba Jumamosi yao imewakuta ndani ya treni.

Treni yenyewe ni Sunrise Izumo, mojawapo ya treni chache za kulala zilizobaki Japani. Huondoka Tokyo 21:50, yaani saa nne kasoro dakika kumi usiku, na kufika Matsue kama saa tatu na nusu asubuhi. Tiketi zake huanza kuuzwa mwezi mmoja kabla, saa 10:00 asubuhi kwa saa ya Japani, na vyumba vizuri huisha upesi. Hapo sisi Waswahili tuna bahati. Japani imetutangulia kwa saa sita, na sisi tunasoma saa kwa kupishana sita na mishale. Kwa hiyo namba iliyo kwenye saa ya Japani ndiyo hiyo hiyo tunayoitamka hapa nyumbani wakati huo huo. Kule 10:00, hapa saa kumi alfajiri. Huna haja ya kupiga hesabu, una haja ya kuamka.

Ndani kuna vyumba vya mtu mmoja, vya wawili, na sehemu ya bei nafuu inayoitwa nobinobi, ambayo ni sakafu ya zulia iliyogawanywa kwa vizuizi vifupi. Mwenye pasi ya reli ya watalii halipi ada ya kitanda akilala nobinobi. Akitaka chumba, ada ya chumba ni juu yake. Nobinobi hupewi zaidi ya shuka jepesi, na sakafu hupitisha baridi, kwa hiyo njoo na shali nene na kitu cha kuwekea kichwa. Chakula hakiuzwi kwa maana ya mgahawa: nunua stesheni kabla ya kupanda. Bafu lipo, kwa kadi inayotoa maji dakika sita, lakini kadi ni chache na foleni huanza treni ikiwa bado haijatoka nje ya jiji.

Kosa moja la treni hii ni la kuliangalia. Mabehewa 14 hutoka Tokyo yakiwa yameunganishwa, na alfajiri yanagawanywa Okayama. Namba 1 hadi 7 yanaelekea kisiwa cha Shikoku, namba 8 hadi 14 yanaelekea Izumo. Aliyekwenda kumtembelea rafiki behewa la 5 akapitiwa na usingizi, ataamkia baharini kwingine. Ukikosa tiketi za treni hii, panda treni ya mwendo kasi hadi Okayama, kisha treni ya Yakumo inayovuka milima hadi Matsue kwa saa mbili na nusu hivi. Kona zake ni nyingi. Mwenye tumbo jepesi asisome kitabu njiani.

Sasa Matsue. Mji huu umekaa penye ziwa Shinji, na maji yake ni mchanganyiko wa maji ya chumvi na maji matamu. Ndani yake wanaishi shijimi, kome wadogo weusi wasiozidi ukucha wa kidole gumba, wanaovuliwa asubuhi kwa kikapu cha chuma chenye mpini mrefu kinachokokotwa chini ya ziwa. Wavuvi hawatoki kila siku na kiasi cha kuvua kina kikomo, ndiyo maana kome bado wapo. Utawakuta kwenye supu ya miso ya kifungua kinywa. Usihangaike kumtoa kila mmoja kwenye gamba. Ladha imeshaingia kwenye mchuzi.

Ngome ya Matsue ilikamilika mwaka 1611, na jumba lake kuu ni moja kati ya 12 tu za zamani zilizobaki nchini. Nyingine nyingi mnazoziona kwenye picha zilijengwa upya kwa zege. Mwaka 2015 ilitangazwa Hazina ya Taifa. Viatu vinavuliwa mlangoni. Ngazi ni za mbao, zimesimama karibu wima, na mbao zimelainishwa na nyayo za miaka mingi: ukiwa na soksi laini utateleza, hasa wakati wa kushuka. Shuka kinyumenyume kama unavyoshuka dari, mkono ukiwa kwenye mbao. Ndani kabisa, chini, kuna kisima, na hicho huelezwa mara chache ingawa ndicho kinachosema ukweli wa jengo: watu walitarajia kuzingirwa.

Baada ya ngome panda mashua ya mifereji inayozunguka handaki la maji la ngome, kama dakika 50. Unakaa sakafuni bila viatu. Baadhi ya madaraja yako chini mno, kwa hiyo paa la mashua hushushwa na abiria wote huinama hadi kifua kiguse magoti. Nahodha huwafanyisha mazoezi kabla. Mwenye mgongo mbovu au mja mzito amwambie mapema, si chini ya daraja.

Kuhusu chai naomba nikae kidogo, kwa sababu Matsue bila chai haielezeki. Bwana wa saba wa ukoo wa Matsudaira, aliyejulikana kwa jina la chai la Fumai, alikuwa mtaalamu wa chai, na tangu zama zake watu wa kawaida wa mji huu hunywa matcha, chai ya kijani ya unga, nyumbani bila shughuli. Ndiyo maana Matsue hutajwa pamoja na Kyoto na Kanazawa kwa utamu wa vitafunio. Nenda kwenye kibanda cha chai cha Meimei-an, kilichojengwa 1779, juu ya kilima kidogo karibu na ngome. Utaletewa kitafunio kwanza. Kile kwanza, chote, kabla ya kugusa bakuli. Utamu unaobaki mdomoni ndio unaopokea uchungu wa chai. Kisha weka bakuli juu ya kiganja cha kushoto, lishike kwa mkono wa kulia, lizungushe kidogo mara mbili kwa upande wa mishale ya saa ili usinywee upande wake wa mbele, unywe kwa mafunda matatu au manne, na funda la mwisho ulivute kwa sauti. Sauti hiyo si utovu wa adabu, ndiyo taarifa kwamba umemaliza. Usiongeze sukari, usiombe maziwa. Na usiiache ipoe huku ukipiga picha, maana unga wa chai huzama chini na funda la mwisho huwa tope.

Jioni nenda kando ya ziwa, mbele ya Jumba la Sanaa la Shimane. Kuanzia Machi hadi Septemba jumba hilo hufungwa nusu saa baada ya jua kuzama, na saa hiyo hubadilika siku hadi siku. Sisi tunaohesabu saa kwa jua tunalielewa jumba hilo haraka kuliko wengine. Jumanne limefungwa, kwa hiyo Jumapili au Jumatatu ndiyo siku yako. Machweo hushukia pembeni ya kisiwa kidogo chenye misonobari kinachoitwa Yomegashima. Mawingu yakiwa mengi usiondoke. Mara nyingi jua hutokeza chini ya wingu dakika za mwisho. Na mwavuli uwe nao. Watu wa San'in wana msemo kwamba hata ukisahau chakula chako, mwavuli usiusahau, na mvua yao huja bila kubisha hodi.

Jumatano unaelekea Izumo. Usipande treni kubwa. Panda ile ndogo ya Ichibata kutoka stesheni ya Matsue Shinjiko-Onsen, saa moja hivi, ikipita ukingo wa kaskazini wa ziwa. Kaa upande wa ziwa, yaani kusini. Kwenye stesheni ya Ichibataguchi treni itasimama, dereva atatembea hadi upande wa pili, na mtaanza kurudi mlikotoka. Hamjapotea. Zamani reli iliendelea hadi karibu na hekalu la Ichibata, kipande hicho kikang'olewa, na kona ikabaki. Kule Kawato ndiko mnakobadilisha treni kwenda Izumo Taisha. Beba fedha taslimu, sarafu hasa. Kwenye treni ndogo za huku, ukipandia kituo kisicho na mhudumu unachukua kikaratasi chenye namba mlangoni, na wakati wa kushuka unalinganisha namba hiyo na ubao ulio juu ya dereva, unalipa mbele. Usipochukua kikaratasi unaweza kutozwa kama uliyepandia mwanzo wa njia.

Izumo Taisha ni miongoni mwa mahekalu ya kale kabisa ya Shinto, dini ya jadi ya Wajapani, makao ya mungu Okuninushi, anayeombwa mambo ya uhusiano kati ya watu, ndoa ikiwa ni jambo mojawapo tu. Njia ya kuingilia inateremka, jambo lisilo la kawaida, kwa sababu mahekalu mengi hupandwa. Kwenye safu ya misonobari pita pembeni. Njia ya katikati imefungwa ili mizizi isikanyagwe. Penye maji nawa mkono wa kushoto, kisha wa kulia, kisha sukutua kwa maji uliyotia kiganjani, wala si kwa kuweka kata mdomoni. Anayeabudu huinama mara mbili, hupiga makofi manne, huinama tena mara moja. Mahekalu mengi mengine ni makofi mawili. Msafiri ambaye dini yake haimruhusu kuabudu asimame pembeni kwa utulivu, hakuna atakayemuuliza.

Jumba kuu lililopo ni la mwaka 1744, lina urefu wa mita 24, na haliingiliwi. Mapokeo yanasema zamani lilifika mita 48, juu ya nguzo. Kwa muda mrefu wataalamu wengi waliona ni chumvi ya wasimulizi. Mwaka 2000, wakati wa kuchimba ndani ya uwanja wa hekalu, ikaonekana nguzo ya mierezi mitatu mikubwa iliyofungwa pamoja, upana wake kwa jumla karibu mita tatu, sawasawa na mchoro wa kale uliokuwa ukitiliwa shaka. Nguzo hizo ni za jengo la karne ya 13, na hazithibitishi urefu wa mita 48, lakini tangu siku hiyo hakuna anayeucheka mchoro. Makumbusho ya Izumo ya Kale yako jirani; hakikisha kwanza kama yamefunguliwa, kwani yamekuwa na matengenezo.

Utaona watu wakizunguka upande wa magharibi wa jumba na kuomba tena. Sababu ni kwamba ndani, Okuninushi ametazama magharibi, si mbele. Kwenye ukumbi wa kagura inaning'inia kamba ya majani ya mpunga yenye urefu wa zaidi ya mita 13 na uzito wa tani tano hivi. Usiirushie sarafu kujaribu bahati. Wageni walizoea kufanya hivyo, sarafu zikaiharibu, na hekalu limekataza.

Mwezi wa kumi wa kalenda ya zamani, inasemwa miungu ya nchi nzima hukusanyika hapa kupanga mahusiano ya watu. Kwingine Japani mwezi huo huitwa mwezi usio na miungu, Izumo huitwa mwezi wa miungu. Hupokelewa ufukoni Inasa siku ya kumi, usiku, kwa mioto, na nyumba ndefu mbili zilizo ndani ya hekalu ndiyo malazi yao. Sisi tunaofunga Ramadhani kwa mwandamo tusikosee hesabu hapa: kalenda hiyo huongezewa mwezi wa ziada kila baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo haizunguki majira kama ya Hijria. Huangukia Novemba, pengine mwanzo wa Desemba. Malazi ya juma hilo hupatikana kwa kuwahi sana, na wakati wa mkutano desturi inataka utulivu, bila kelele wala muziki.

Desturi ya mchanga ina mpangilio ambao ukigeuzwa hauna maana. Unaanza ufukoni Inasa, kama kilomita moja magharibi. Unachota mchanga kidogo kwenye mfuko. Ndipo unaingia hekaluni, unakwenda nyuma ya jumba kuu kwenye kihekalu cha Soga, unauweka mchanga wako kwenye kisanduku, na unachukua kiasi kilekile cha mchanga mkavu uliokuwepo. Anayeanza hekaluni hulazimika kutembea mara mbili.

Chakula cha Izumo ni soba, tambi za unga wa mbegu za mmea wenye jina hilo hilo. Mbegu husagwa pamoja na ganda, kwa hiyo tambi ni nyeusi na zina harufu nzito. Soba ya warigo huja katika visahani vitatu vya mviringo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Mimina mchuzi kwenye cha juu, kula, kisha mchuzi uliobaki umwage kwenye cha pili, na hivyo hivyo hadi cha tatu. Anza na mchuzi kidogo, kwa sababu unajilimbikiza na wa tatu hugeuka chumvi tupu. Mchuzi hutengenezwa kwa supu ya samaki mkavu, na mara nyingi hutiwa mirin, kileo kitamu cha mchele; asiyetumia kileo aulize kabla. Soba pia huwadhuru vibaya watu wenye mzio nayo. Maduka mengi hufunga tambi zikiisha, na zinaweza kuisha saa nane mchana.

Ijumaa unapanda treni hadi Odashi, kisha basi la nusu saa hivi hadi Omori, mji wa watu wapatao 400 ulio mlangoni mwa migodi ya fedha ya Iwami Ginzan. Angalia saa ya basi la kurudi kabla hujaanza kutembea. Migodi ilianza kuchimbwa kwa nguvu katika miaka ya 1520 na ilifungwa 1923. Mwaka 2007 ikawa Urithi wa Dunia. Mwaka 1533 ilifika njia ya kusafisha kutoka Korea: mawe yenye fedha huyeyushwa pamoja na madini ya risasi, fedha inashikana na risasi, kisha mchanganyiko unachomwa juu ya kitanda cha majivu. Risasi hunyonywa na majivu, fedha hubaki juu. Kwa njia hiyo Japani ikawa mmoja wa watoaji wakubwa wa fedha duniani. Nasi tumefundishwa na lugha yetu kwamba fedha ni madini na fedha ni pesa. Huko ilikuwa kweli kabisa. Fedha ya Japani iliwavuta wafanyabiashara wa Kireno hadi huko, kupitia mtandao uleule wa Goa uliotutia minyororo pwani ya kwetu na kuanza kujenga Fort Jesus Mombasa mwaka 1593.

Magari ya wageni hayaendi hadi mgodini. Kutoka mjini hadi handaki la Ryugenji ni kilomita 2.3 za kupanda taratibu kando ya kijito. Kodi baiskeli yenye mota au tembea dakika 45. Sehemu ya wazi ya handaki la asili ni mita 157. Angalia alama za patasi ukutani, na mashimo madogo ya pembeni ambamo mchimbaji aliingia akiwa amelala. Ndani kuna baridi hata Agosti na dari ni fupi. Kisha ingia hekalu la Rakanji, kwenye sanamu 500 za mawe zilizochongwa kwa miaka zaidi ya ishirini kuwakumbuka waliofia mgodini. Hakuna mbili zenye uso mmoja.

Jioni uwe Yunotsu, bandari ndogo iliyosafirisha fedha hiyo, barabara moja ya nyumba za mbao inayoishia baharini. Nyumba za wageni hutoa chakula cha jioni saa 12 au saa 12:30. Ukichelewa, piga simu. Mpishi ameshapima samaki wako. Usiburute begi juu ya tatami, yaani mikeka ya sakafuni, usivae ndara juu yake, na ndara za chooni zibaki chooni. Yukata, lile vazi jepesi la kulalia na kuogea, funga upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia. Kinyume chake ndivyo anavyovalishwa maiti.

Kuna nyumba mbili za kuogea za umma. Motoyu ni ya zamani. Yakushiyu ilibubujika baada ya tetemeko la mwaka 1872. Maji ni ya kahawia na yameacha gamba la madini kwenye kingo. Mnaoga uchi, wanaume mbali na wanawake. Anayeona haya, au dini yake inamzuia, aulizie bafu la kukodi kwa familia, ambalo hufungwa kwa ndani. Kaa kwenye kigoda, jisafishe kwa sabuni na ujisuuze vizuri kabisa. Dimbwi si la kujisafishia. Jimwagie maji ya dimbwi miguuni kisha mabegani. Kitambaa kidogo weka kichwani, kisiguse maji. Motoyu ni moto kweli, na ajali yake inajulikana: mgeni huvumilia dakika 15, husimama ghafla, huona giza, huanguka. Dakika tatu hadi tano, toka, kaa ukingoni, rudi. Inuka polepole, na kunywa maji.

Jumamosi oga kabla ya magharibi, kula mapema, kisha upande ngazi za hekalu la Tatsunogozen. Thibitisha kwa mwenyeji wako kwamba juma hilo kuna ngoma, na nafasi yako imewekwa, kwa sababu ukumbi ni mdogo na wote hukaa sakafuni. Vinyago ni vya karatasi iliyobandikwa tabaka juu ya udongo, kisha udongo ukavunjwa ndani, ndiyo maana mchezaji anaweza kukivaa na kuruka. Ngoma, filimbi na matoazi huanza polepole na kukazana. Mwishoni huja Orochi, nyoka wa hadithi ya Izumo anayeleweshwa kwa pombe ya mchele kisha akakatwa na mungu Susanoo. Kila mwili una urefu wa mita 17 hivi, wa mianzi na karatasi, umeundwa kwa mfano wa taa za kukunja, na ndani yake yumo mtu mmoja anayeufungua na kuukunja. Wakiingia wanne ukumbi haubaki na nafasi. Kunja miguu, shusha kamera chini ya bega, na mkia ukikupitia usoni usiushike. Unavutwa kutoka mbele, na karatasi huchanika pale pale uliposhika.

Jumapili treni za kuondoka ni chache na stesheni ni mwendo wa dakika 20 kwa mguu. Andika saa yake usiku huo huo. Reli ya pwani husimamishwa kwa upepo na mvua kubwa, kwa hiyo usiku mmoja wa mwisho uuweke Okayama, kati yako na ndege.